Mofini hufuata saa, haifuati kilio

Bibi mmoja wa kisiwa cha Ukerewe, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, alifika wodini kwetu hapa Mwanza akiwa hajalala siku nne. Alikotoka, faili lilisema apewe dawa ya maumivu akihitaji. Hakuomba hata mara moja. Kwake yeye, mtu mzima halii mbele za watu. Nesi akipita na kumkuta kimya, alidhani ana nafuu.

Neno hilo "akihitaji" ningelifuta kwenye kila faili la mwenye maumivu ya kudumu. Mofini ya maji, dawa ya kunywa ya maumivu makali, hufanya kazi kwa takriban saa 4. Ukisubiri mgonjwa aumie ndipo umpe, maumivu yameshatangulia na dawa inabaki kuyakimbiza. Basi tunampa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili alale mpaka asubuhi. Tunampa hata akiwa anatabasamu. Dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyohiyo: kichefuchefu cha mwanzoni kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini choo kigumu hakiondoki chenyewe, na nimeona watu wakiiacha mofini kwa sababu hiyo tu.

Binti yake alinivuta pembeni: "Nesi, ndiyo mmeshamkatia tamaa?" Hapana. Mofini inayopandishwa kidogokidogo kwa kufuata maumivu haiharakishi kifo, na tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hutolewa sambamba na mionzi, tangu ugonjwa unapojulikana.

Usiku wa pili bibi alilala. Asubuhi nilipomwamkia shikamoo, alinishika mkono: "Mwanangu, nirudisheni Nansio nikiwa hai. Kuvusha maiti ni gharama, watoto wangu watauza ng'ombe." Siku zote hizo alikuwa amelibeba hilo, na maumivu hayakumpa nafasi ya kulisema.

Tulimfundisha binti kupima dawa kwa bomba la sindano, tukalizungushia plasta kwenye alama ya dozi. Wakapanda meli.

Kinachoniumiza ni chupa inapoisha. Binti huacha mgonjwa, anavuka ziwa kuja kuandikiwa nyingine, anarudi kesho yake. Ng'ambo ya ziwa hili, nchini Uganda, tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini. Nimeshalisema hilo kwenye vikao viwili, na cha tatu nitalisema tena.