Nyani wa rupia 500 hakuwahi kuwepo

Kwenye kamari za mbio za farasi Uingereza, "monkey" ni pauni 500 na "pony" ni pauni 25, kama vile Dar es Salaam watu wanavyosema jero na buku bila kutaja tarakimu. Ukiuliza majina hayo yametoka wapi, utapewa hadithi ileile: wanajeshi waliotumikia India walirudi nayo, kwa sababu noti ya rupia 500 ilikuwa na picha ya nyani na ile ya rupia 25 picha ya farasi mdogo.

Hadithi ni tamu, ila tarehe zinaikataa. "Pony" lilikuwa tayari midomoni mwa wacheza kamari wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, na "monkey" likafuata katika miaka ya 1830. Serikali ya kikoloni ya India ilianza kutoa noti zake baada ya sheria ya mwaka 1861. Noti hizo za kwanza zilichapishwa upande mmoja tu, zikiwa na sura ya Malkia Victoria. Nyani hayumo, farasi hayumo, na rupia 25 haikuwa hata miongoni mwa thamani zake. (Ajabu ni kwamba wasimulizi wengi hawajawahi kuomba waonyeshwe noti yenyewe.)

Watunga kamusi, kwa upande wao, hawajakubaliana juu ya asili ya "monkey". Nadhani pengo hilo ndilo linaloipa hadithi ya India nguvu.