Majina Yaliyo Ndani ya Mabano

Binamu yangu aliyeko Muscat aliniomba kandamseto (mixtape) ya saa moja na nusu, ya kusikiliza akiwa jikoni siku ya Ijumaa. Nikamtengenezea, nikamtumia pamoja na orodha ya nyimbo. Hazikupita siku mbili akapiga simu: "Kaka, muziki mtamu, lakini hawa watu wa kwenye mabano ni akina nani? Kila wimbo una mwenyewe, halafu kuna jina jingine limebanwa pembeni kama mgeni asiye na kadi." Nilianza kumweleza, bando likakata. Nimeona bora niandike, maana maswali aliyouliza, na majibu aliyokuwa ameshajipa mwenyewe, ndiyo yaleyale ninayoyasikia kila ninapowatajia watu remiksi, yaani wimbo uliochanganywa upya na fundi mwingine; jina la fundi huyo ndilo hukaa kwenye mabano.

Tuelewane kwanza kwa jina. Kwetu ukisema muziki wa dansi, mtu mzima anawaza Msondo na Sikinde, magitaa na tarumbeta. Mimi hapa nazungumzia dansi la klabu, lile lililopikwa New York, Chicago, London na Manchester kuanzia miaka ya 1970, pamoja na bendi za roki mbadala zilizokubali kuingia jikoni humo.

"Remiksi ni wimbo uleule, umeongezewa ngoma tu"

Dhana hii ndiyo yenye mizizi mirefu kuliko zote. Ukweli ni kwamba mara nyingi kazi ya kwanza ya fundi wa remiksi ni kupunguza. Wimbo ukirekodiwa studio, kila chombo hukaa kwenye njia yake: ngoma peke yake, besi peke yake, sauti ya mwimbaji peke yake. Anayechanganya upya huzirudia njia hizo na kuamua nani aseme, nani anyamaze, na kwa muda gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Kingston, Jamaika, Osbourne Ruddock, ambaye watu walimjua kama King Tubby, alikuwa fundi wa redio na amplifaya. Akiwa nyumbani, kwa mashine ya njia 4 tu, aliiondoa sauti ya mwimbaji, akaziacha besi na ngoma zitembee, kisha akairudisha sauti ile kwa vipande, neno hapa, nusu neno pale, likiwa limetiwa mwangwi mpaka likapotelea mbali. Mwangwi ndio kitu kikubwa alichokitia, na wimbo ukawa mwingine kabisa.

New York tatizo lilikuwa urefu. Aliyekulia kwenye muziki wa Kongo atalielewa haraka nikimtajia sebene, au chemko kama wasemavyo wanamuziki wetu wa dansi, ile sehemu ndefu ya kucheza. Santuri ndogo ya inchi 7 haikuwa na nafasi ya chemko. Nyimbo ndefu za Franco zilikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, na wachezaji wakabaki wamesimama mtu akigeuza sahani. Kwa Wamarekani ilikuwa mbaya zaidi: wimbo wa redio uliisha ndani ya dakika tatu, na hiyo sehemu ya pili mara nyingi haikuwepo. Fundi Tom Moulton ndiye aliyeanza kuzirefusha nyimbo hizo kwa makusudi. Siku moja alikwenda kwa fundi wa kukata santuri, José Rodriguez, wakakuta sahani tupu za inchi 7 zimekwisha, wakatumia kubwa. Mifereji ikapata nafasi ya kutanuka, sauti ikatoka kubwa, besi ikajaa. Hivyo ndivyo santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja ilivyozaliwa, kwa kukosekana kwa mali ghafi.

Mwaka 1976 lebo ya Salsoul iliuza madukani wimbo wa kundi la Double Exposure uitwao "Ten Percent" kwenye sahani ya namna hiyo, na wa kwanza kuuzwa hivyo kwa umma ndio huo. Aliyeuchanganya ni Walter Gibbons, DJ kijana wa klabu ya Galaxy 21. Aliufikisha karibu dakika 10, na katikati aliziacha ngoma na vinanda vizungumze vyenyewe kwa muda ambao redio yoyote ingedhania mtambo umeharibika. Huo nimeuweka kwenye kanda ya binamu, mzima, bila kuukata.

"Wote hao ni ma-DJ"

Hapana. DJ hucheza nyimbo, prodyuza husimamia wimbo unapozaliwa, fundi wa remiksi huupokea ukiwa tayari umezaliwa. Mtu mmoja anaweza kuzifanya kazi zote tatu, kama ambavyo mtu anaweza kuwa fundi cherehani na bwana harusi, lakini si kazi moja.

"Remiksi huharibu wimbo wa asili"

Nakiri, nyingi zinaharibu. Miaka ya 1990 makampuni yaliagiza remiksi tano au sita kwa kila wimbo, na ukiziweka leo unasikia mtu aliyelipwa kwa saa. Lakini angalia nzuri zinavyofanya kazi.

Everything But the Girl walikuwa wawili, Tracey Thorn na Ben Watt, Waingereza wenye nyimbo za upole za gitaa. Mwaka 1994 walitoa "Missing", ukapita kimya. Todd Terry wa New York akauchukua, sauti ya Thorn akaiacha na huzuni yake yote, ila chini yake akatandika mdundo wa hausi, ule muziki wa klabu uliozaliwa Chicago, mkavu, usio na haraka. Kuanzia 1995 wimbo ulipanda hadi nafasi ya 3 Uingereza na ya 2 Marekani. Huzuni haikupungua. Kwa sikio langu iliongezeka, maana sasa mtu anayeimba kuhusu aliyetoweka yuko katikati ya watu wanaocheza. Watt mwenyewe baadaye akawa DJ na kuanzisha lebo yake ya muziki wa klabu.

Cornershop nao ni bendi ya roki mbadala. Wimbo wao "Brimful of Asha" unamsifu Asha Bhosle, mwimbaji wa filamu za Kihindi, yule ambaye sauti yake wazee wetu wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam waliijua kwenye majumba ya sinema kabla ya kujua sura yake. (Binamu yangu, ambaye naye ni Asha, alidhani nimemfanyia utani.) Mwaka 1997 uliishia nafasi ya 60 Uingereza. DJ Norman Cook akauongeza mwendo, akautia ngoma nzito, na Februari 1998 ukawa namba moja. Maneno yaleyale, na Bibi Asha yuleyule.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa bendi ya roki ya Primal Scream. Mwaka 1989 walikuwa na wimbo wa polepole wa mtu aliyeachwa. Wakampa Andrew Weatherall, DJ ambaye studio alikuwa hajaizoea hata kidogo. Alitupa karibu kila kitu, pamoja na uimbaji karibu wote, akabakisha vipande vya gitaa na vinanda, akavisuka upya juu ya mdundo mwingine. Ukatoka mwaka 1990 kwa jina jipya, "Loaded". Hapo neno remiksi linapwaya. Ni kama umempa fundi kabati akutengenezee mlango, akakuletea mashua.

Na wanaosema roki na klabu ni mafuta na maji wasikilize "Blue Monday" ya New Order, ya 1983, iliyotoka kwenye sahani ya inchi 12 ikiwa na zaidi ya dakika saba. Hiyo si remiksi. Ni bendi ya magitaa iliyoketi na mashine ya ngoma ikaandika wimbo moja kwa moja kwa ajili ya ukumbi.

"Kandamseto ni nyimbo zimepangwa foleni, hata simu inaweza"

Hapa nina ugomvi binafsi, nivumilie.

Tom Moulton niliyemtaja hakuanzia studio. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Fire Island, karibu na New York, akawatazama watu wakicheza. Aliona kila wimbo ukiisha watu wanatoka ukumbini kabla hawajashiba. Akaenda nyumbani kutengeneza kanda ambayo wimbo mmoja ungeingia ndani ya mwingine bila mtu kupata upenyo wa kuondoka. Dakika 45 za kanda hiyo zilimchukua saa 80. Dakika 45 ni upande mmoja wa kaseti ya 90, ile tuliyoirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri.

Saa hizo zinakwenda wapi? Chukua nyimbo mbili, mmoja una midundo 118 kwa dakika, mwingine 124. Ili zitembee pamoja, wa kwanza lazima uongezwe mwendo kwa asilimia 5 hivi. Kwenye santuri, kuongeza mwendo ni kupandisha sauti pia, na kila asilimia 6 ni karibu nusu toni ya muziki. Mtambo wa kuchezea santuri wa Technics SL-1200 MK2, ulioenea kwenye klabu kuanzia 1979, unakuruhusu asilimia 8 kwenda juu au chini, lakini ukifika huko mwimbaji mwenye sauti ya baba anaanza kusikika kama shemeji mdogo. Kompyuta ya leo inaweza kutenganisha mwendo na sauti, ila haikuambii kama besi ya wimbo unaoingia itagombana na ile inayotoka. Hilo ni la sikio.

Halafu kuna hesabu ya vifungu. Nyimbo hizi nyingi hubadilika kila baada ya midundo 32, ambayo kwa mwendo wa 120 ni sekunde 16. Ukiuingiza wimbo wa pili kwenye mdundo wa 20, mchezaji hatajua kosa ni nini, ila mguu wake utajua. Nina kanda moja niliyoitengeneza kwa redio ya deki mbili, kwa kubonyeza na kuachia kitufe cha kusimamisha, na kila makutano yamewahi au yamechelewa. Niliipiga kwenye ngoma ya dada yangu. Bibi mmoja aliketi, akasema, "Mwanangu, huu muziki wako una kwikwi." Sijapata mhakiki mwingine wa kiwango chake.

"Ni mambo ya Kizungu"

King Tubby alikuwa Mjamaika. Muziki wa hausi ulipata jina lake kutoka Warehouse, klabu ya Chicago ambako Frankie Knuckles, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Bronx, alianza kupiga mwaka 1977 mbele ya wachezaji ambao wengi walikuwa weusi. Mwaka 1998 tuzo ya Grammy ya fundi wa remiksi ilipotolewa kwa mara ya kwanza, aliyeipokea ni Knuckles huyohuyo. Na hapa nyumbani, vijana wa uswahilini Dar es Salaam walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza kwenye kompyuta mpaka midundo 200 na zaidi kwa dakika, wakapata singeli. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na majina ya maprodyuza yakafika Ulaya yakiwa mbele, nje ya mabano. Bongo Flava nayo imekuwa ikifanya kitu cha akili siku nyingi: prodyuza anataja jina lake ndani ya wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mtangazaji hata asipomtaja, amekwisha kujitaja.

"Wimbo ukivuma, fundi wa remiksi anatajirika"

Kwa kawaida hulipwa mkupuo mmoja, akaenda zake. Mirabaha ya utunzi hubaki kwa mtunzi, hata kama toleo linalopigwa duniani kote ni la fundi. Ndiyo sababu jina ndani ya mabano lina uzito: mara nyingi ndicho kitu pekee anachobaki nacho.

"Kurekodi nyumbani kunaua muziki", na pacha wake, "nikimtaja mwenyewe niko salama"

Ya kwanza ilikuwa kampeni rasmi. Mwaka 1981 umoja wa makampuni ya kurekodi ya Uingereza ulitoa nembo ya kaseti yenye mifupa miwili iliyopishana, ukionya kwamba wanaorekodi majumbani wanauua muziki. Muziki haukufa. Mwaka 1990 maprodyuza wawili wa Uingereza waliojiita DNA walichukua "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, wimbo wa 1987 usio na chombo hata kimoja, wakautandikia mdundo bila kuomba ruhusa. Kampuni ya Vega ingeweza kuwashtaki. Badala yake ikaununua na kuutoa rasmi, ukafika nafasi ya 2 Uingereza. Wimbo huohuo, ule mtupu wa asili, ndio mhandisi Mjerumani Karlheinz Brandenburg aliutumia kuupima na kuurekebisha mfumo wa MP3, uliokuja kuizika kaseti. Sijui niseme Vega ana bahati au ana nuksi.

Lakini pacha wake nao ni uongo. DNA walisamehewa, na msamaha wao hauwi kibali kwa wengine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina ya 2001, na zote zinampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kunakili na kugeuza. Kuandika jina la Todd Terry chini ya kanda ni adabu, wala hakujakupa ruhusa ya kuiuza kanda hiyo kwenye matatu au kuipandisha mtandaoni ukavuna matangazo. Zangu haziuzwi. Zinakwenda kwa ndugu, na wachache wanaoniomba kwa jina.

Orodha ya binamu nimeiandika upya, kila fundi kwenye mstari wake mwenyewe, na mwaka pembeni. Jibu lilikuja jana jioni kwa sauti, nyuma yake sufuria zikigongana: anataka kujua huyo Gibbons ana nyimbo nyingine ngapi, na kwamba vitunguu vimeungua, dakika ya saba.