Pampu ya umeme kwenye pikapu ya kabureta: ni nini, na hufungwa vipi

Pampu ya umeme ya petroli ni kifaa kidogo cha volti 12 kinachosukuma petroli kutoka kwenye tenki hadi kwenye kabureta. Huchukua nafasi ya ile iliyofungwa ubavuni mwa injini, inayochezeshwa na kemshafti (mhimili wa injini unaofungua vali). Ile ya zamani ina utando wa mpira, na utando ukichanika petroli hushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse: ukisikia harufu ya petroli, badilisha oili kwanza.

Wengine huibadilisha kwa sababu ya foleni. Petroli huchemka ndani ya pampu iliyobanwa kwenye injini moto, na mvuke haupampiki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo petroli huchemka kwa joto la chini kuliko Mombasa.

Jambo la kuangalia ni presha. Kabureta nyingi za pikapu hizi hutosheka na psi (kipimo cha presha) 2.5 hadi 4. Pampu nyingi za injekshen, yaani za magari yanayopulizia petroli bila kabureta, hutoa 40 au zaidi. Ndani ya kabureta, floti hupanda na kuinua sindano izibe njia. Psi 40 huisukuma sindano hiyo wazi, na petroli hufurika juu ya injini moto. Kwa hiyo ukienda Grogan, kwenye maduka ya spea Nairobi, usiombe “pampu ya umeme” tu. Sema ni ya kabureta, kisha usome presha kwenye boksi.

Pampu hizi ni hodari wa kusukuma, wavivu wa kuvuta. Ifunge kwenye chesi karibu na tenki, usawa wa sakafu ya tenki au chini yake, mbali na ekzosi. Chujio likae kati ya tenki na pampu, maana tenki kuukuu halikosi kutu. Tumia mpira wa petroli wenyewe; mpira wa maji hulainika na kuvuja. Pampu ya zamani ing'oe, uzibe tundu lake kwa bamba na gaskiti, la sivyo oili itaruka.

Kwenye umeme ndipo watu hukosea. Tumia rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, yenye miguu iliyoandikwa namba: mguu wa 30 hutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu na betri, 87 huenda kwenye pampu, 85 ni ethi, na 86 ndio unaoiwasha. Ukiunga 86 moja kwa moja na swichi ya ufunguo, gari likipinduka na injini ikazimika, pampu itaendelea kumwaga petroli. Pitishia 86 kwenye swichi ya presha ya oili, ili injini ikizimika pampu nayo izime. Ile ya taa ya dashibodi haifai, kwani hufunga saketi presha ikikosekana. Nunua ya miguu mitatu: mmoja hupokea umeme wa stata ili pampu ifanye kazi wakati wa kupiga stata, mwingine umeme wa ufunguo, wa tatu huenda 86.

Kujaribu, chomoa rilei na uunganishe tundu la 30 na la 87 kwa kipande cha waya, injini ikiwa imezimwa. Kama pampu yako ni ya kugonga, itagonga tik-tik-tik haraka, halafu polepole kabureta ikijaa. Isipopunguza mwendo, tazama kabureta. Ikiwa imelowa, sindano haizibi. Ikiwa kavu, huenda kuna klipu iliyolegea kabla ya pampu na inavuta hewa.