Jangwani, Tangi la Juu Nalo Ni Betri

Anayejenga loji jangwani, mbali na gridi na bomba, mara nyingi hutuuliza kwanza anunue paneli ngapi za sola. Sisi wa maji humwomba aanze na swali jingine: mgeni mmoja atatumia lita ngapi kwa siku? Huko kila lita imekula umeme kabla ya kufika bombani.

Kuinua lita 1,000 kutoka kina cha mita 100 hula takriban nusu uniti ya umeme, ukihesabu na upotevu wa pampu. Maji yakiwa ya chumvichumvi, mtambo wa kuyachuja huongeza uniti 1 hadi 2 kwa kiasi hichohicho, kisha hukuachia maji makali ya chumvi ambayo hayafai kabisa kumwagwa karibu na kisima.

Kwa hiyo pampu ifanye kazi jua likiwa juu, ijaze tangi lililo mita 10 au zaidi juu ya mabomba. Usiku maji yatashuka yenyewe, bila kugusa betri. Na betri zinahitaji huruma hiyo: zile za asidi, kila joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu. Ziwekwe kwenye chumba cha kuta nene chenye kivuli. Kontena la bati juani huziua.

Bwawa la kuogelea ndilo linaloniumiza. Jua na upepo wa jangwa la joto huweza kunyonya zaidi ya mita 2 za kina kwa mwaka, maana yake bwawa la mita za mraba 50 hupoteza zaidi ya lita 100,000 hata asipooga mtu. Lifunikwe kila lisipotumika. Bora zaidi, lisijengwe.

Kuna upotevu mwingine usio na sauti. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikiwa imeingia kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka, na choo hicho kimoja kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku.

Maji yaliyokwisha kuogewa yaende kwenye mizizi ya miti, kwa bomba lililofukiwa.

Kisha kipimo nisichokubali kirukwe: alfajiri, kabla pampu haijawashwa, teremsha kamba yenye alama kisimani, uandike maji yako kina gani. Fanya hivyo kila mwezi. Chini ya majangwa mengi maji yaliingia maelfu ya miaka iliyopita, enzi za mvua nyingi, na mvua ya leo hairudishi kinachochotwa. Kina kikizidi kushuka, punguza vitanda vya wageni kabla ya kufikiria kuchimba zaidi, kwa sababu wafugaji wenye visima vifupi huenda wanachota maji hayohayo, na kamba zao ndizo zitakazopungukiwa kwanza.