Eti kumlipa mtu aache fegi ni kutupa hela? Ngoja tuongee

Kila nikiileta hii mada kijiweni watu wanacheka kwanza. Eti mtu mzima alipwe ili aache sigara, sasa si kila mtu ataanza kuvuta ili na yeye alipwe! Siwalaumu, hata mimi niliposikia kwamba huko Uskoti wajawazito wanaovuta wanapewa vocha za dukani wakiacha nilijua ni stori za kupikwa. Kumbe hii kitu imepimwa kitambo na imepimwa sehemu nyingi, kwenye makampuni makubwa ya Marekani, mitaani Ufilipino, vijijini Thailand, Geneva huko Uswisi, na majibu yaliyotoka hayafanani na ubishi wetu. Kuna sehemu tunakosea kabisa, kuna sehemu tunapatia nusu, na kuna sehemu moja ambayo karibu wote tunaona ndo akili kubwa kumbe ndo inayowakimbiza watu. Hiyo nitaifikia.

"Ni kutupa hela, mvutaji habadiliki kwa hela"

Cha kwanza, hela hailipwi kwa ahadi, inalipwa kwa aliyepimwa akaonekana yuko safi. Akishindwa hapati kitu. Cha pili ni namba. Watafiti wa chuo cha University of Pennsylvania huko Marekani walichukua wafanyakazi 878 wa General Electric, kampuni kubwa ya huko huko, wote wanavuta angalau sigara tano kwa siku (kwahiyo wale mnaopanga kuanza kuvuta leo mlipwe kesho mjue na huko wanaangalia), wakawagawa mafungu mawili bila kuchagua sura. Wote walielekezwa zilipo huduma za kuacha sigara, ila fungu moja likaambiwa kuna dola 750: dola 100 ukimaliza mafunzo, 250 ukiacha ndani ya miezi sita na kipimo kikathibitisha, na 400 ukikaa miezi mingine sita hujagusa. Majibu yalitoka 2009. Kwenye vipimo vya miezi 9 au 12, upande wa hela walioacha walikuwa asilimia 14.7, upande wa pili asilimia 5.

Najua hapo kuna mtu anasema sasa asilimia 14 nayo ni kitu, si 85 wamefeli? Ndugu yangu, hujui ugomvi wenyewe ulivyo. Mtu anayeamua tu asubuhi kwamba leo mwisho, bila dawa wala msaada wowote, nafasi ya kufika mwaka hajarudi ni kama watatu mpaka watano kwa mia. Ukiwa na kitu kinachozidisha hiyo karibu mara tatu hicho siyo cha kukichekea. Na kwa upande wa bosi hesabu iko wazi hata kwa mangi wa dukani, maana kuna hesabu iliyotoka 2013 Marekani inayosema mfanyakazi mvutaji anamgharimu mwajiri kama dola 5,816 zaidi kwa mwaka kuliko asiyevuta, ukijumlisha mapumziko ya kwenda kuvuta, kuumwa na bima. Dola 750 hapo ni chenji.

Ila cheki kilichofuata. Kampuni ilipotaka kuifanya iwe ya wote, wasiovuta wakaja juu, sisi ambao hatujawahi hata kuonja tunapata nini? Ikabidi wageuze, badala ya zawadi wakaweka makato ya dola 625 kwenye bima kwa anayevuta. Zawadi ikawa faini, hivyo tu.

"Watadanganya wachukue hela"

Wengine watajaribu, hilo halina ubishi, ndo maana hakuna mradi wa maana unaolipa kwa kuuliza tu "umeacha?". Kuna mashine ya kupuliza, inafanana na ile ya trafiki ya pombe, inasoma kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Udhaifu wake ni kwamba hiyo hewa inatoka mwilini ndani ya masaa, mjanja akijibana siku nzima anapita. Kwahiyo pale penye hela nyingi wanapima mate au mkojo, wanatafuta kotinini, yaani kile kinachobaki mwili ukishaivunja nikotini, na hicho kinakaa siku kadhaa. Shida yake nyingine ni kwamba anayetumia bablishi au plasta za nikotini naye kitaonekana, kwahiyo huyo unarudi kumpima kwa mashine ya kupuliza. Hakuna kipimo kimoja kisicho na tundu, ila ukiviweka vyote na mvutaji haijui ratiba, kudanganya kunakuwa kazi ngumu karibu sawa na kuacha kwenyewe.

Uongo unaingia sana kwenye yale mashindano ya bahati nasibu, jiandikishe, acha sigara, shinda gari au safari. Yalianzia Minnesota huko Marekani miaka ya 80 yakaenea nchi nyingi, na mara nyingi anayepimwa ni yule jina lake limeshatoka tu, wengine wote maneno yao ndo ushahidi. Watu wakichanganya hayo na miradi ya vipimo ndo unapata ubishi usioisha.

"Hela ikikata wanarudi kwenye fegi"

Hii ndo nusu tunapatia. Kweli wengi wanarudi. Hao hao wa General Electric walipimwa tena kwenye miezi 15 au 18, hela ya mwisho ikiwa imeshalipwa miezi sita nyuma, na asilimia 14.7 ilikuwa imeshuka mpaka 9.4. Lakini angalia na upande wa pili, ile asilimia 5 nayo ilishuka mpaka 3.6. Yaani kurudi kunampata kila mtu, mwenye hela na asiye na hela, ila aliyeanza na hela bado yuko mbele zaidi ya mara mbili. Mwaka 2019 Cochrane, wale jamaa wanaokusanya tafiti za tiba na kuzichambua kwa pamoja, walipitia majaribio 33 yenye watu zaidi ya 21,000 wakakuta kitu hicho hicho, nafasi ya kuacha kwa muda mrefu inapanda kama nusu tena, na haipotei zawadi zikisimama. Kwahiyo na ile hoja ya wasomi kwamba ukimlipa mtu unaua nia yake ya ndani naona haina miguu, kama nia ingekufa hao wa hela wangeanguka chini ya wenzao, na hawajaanguka.

Kwa wajawazito hadithi ina kona. Glasgow huko Uskoti, kwenye jaribio la wanawake 612, vocha zilikuwa za jumla ya pauni 400: 50 ukienda kliniki ukapanga siku ya kuacha, 50 ukiwa safi wiki ya nne, 100 wiki ya 12, na 200 mwisho wa mimba. Walioacha mpaka mwisho wa mimba walikuwa asilimia 22.5, na wenzao waliopata ushauri wa kawaida na plasta asilimia 8.6. Wakarudia miaka ya baadaye kwa kutumia hospitali nyingi za Uingereza, majibu yakatoka 2022, asilimia 26.8 kwa 12.3. Safi sana. Ila miezi sita baada ya kujifungua kwenye hilo la pili tofauti ilikuwa karibu imeisha, kama 8 kwa 7. Mama kalala masaa mawili, mtoto analia, mume anavuta barazani, vocha hakuna, unategemea nini? Mimi nikiambiwa nipange huo mradi ningezisogeza vocha zifike mpaka mtoto ana miezi kadhaa. Hata hivyo miezi ya mimba bila moshi siyo kazi bure, maana sigara kipindi hicho ndo inahusika na kujifungua kabla ya wakati na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Serikali ya huko haikuona ni upuuzi pia, 2023 walitangaza kuzipeleka vocha England nzima.

"Aweke hela yake mwenyewe, hapo ndo atakuwa siriasi"

Sasa tumefika. Hii kila mtu anaipenda, wazee wanaipenda, wachumi wanaipenda, na mimi nilikuwa naipenda. Usimpe mtu hela ya bure, mwambie aweke yake, akirudi kuvuta imeliwa. Inaonekana ni akili sana kwa sababu uchungu wa kupoteza elfu kumi yako ni mkubwa kuliko raha ya kupewa elfu kumi.

Ufilipino walijaribu mwaka 2006, kisiwa cha Mindanao, kupitia benki inaitwa Green Bank. Wakawafuata wavutaji mitaani, fungua akaunti, weka hela kidogo kidogo miezi sita, haina riba, mwisho unapimwa mkojo, ukiwa safi unachukua yako yote, ukikutwa na nikotini hela yako inaenda kwenye misaada. Waliokubali ni asilimia 11 tu ya walioambiwa. Na kati ya hao waliokubali, kama theluthi mbili walishindwa hela ikaenda. Usikimbilie kusema mradi ulifeli lakini, maana ukilinganisha wote walioambiwa na ambao hawakuambiwa, walioambiwa waliacha zaidi kwa kama pointi tatu, na walipokuja kupimwa kwa kushtukizwa baada ya mwaka, wakati hakuna hela yoyote ya kugombania, tofauti bado ilikuwepo. (Kulikuwa na fungu lingine walipewa kadi za picha za kutisha za mapafu na nini, hizo hazikusaidia kitu cha maana.)

Marekani wakaja kulipima vizuri zaidi 2015, wafanyakazi wa CVS Caremark, kampuni ya maduka ya dawa, pamoja na ndugu na marafiki zao, watu 2,538. Fungu moja zawadi tupu ya dola 800. Fungu lingine weka dola 150 zako, ukiacha unarudishiwa na unaongezewa 650. Hela ya mwisho ni ile ile! Waliokubali zawadi tupu ni asilimia 90. Waliokubali kuweka zao, asilimia 13.7. Hapo umeshapoteza watu kabla hata mchezo haujaanza, na mwisho wa siku zawadi tupu ikaleta asilimia 15.7 ya walioacha miezi sita, ya kuweka hela asilimia 10.2, na wasiopewa chochote asilimia 6. Cha kuchekesha ni kwamba wale ambao wangekubali yoyote kati ya hizo mbili, kuweka hela yao ndo iliwafaa zaidi, tena kwa mbali. Yaani ni dawa chungu inayotibu kuliko zote ila wagonjwa hawaimezi.

Nina mjomba wangu aliwahi kujaribu kienyeji. Alimpa mama, yaani dada yake, laki moja amshikie, akasema ukiniona na fegi kabla ya Idi hiyo yako. Siku ya tisa tukamkuta nyuma ya choo anapuliza. Mama akakaa nayo siku mbili, ya tatu akamrudishia, eti ana watoto wa shule. Hapo ndo nikaelewa kwanini kule walitumia benki.

Thailand waliliona hili la watu kuogopa wakachanganya mambo: uweke akiba yako kidogo, mradi unakuongezea, halafu mnafungwa wawili wawili kijijini, wote mkiacha kila mmoja anapata bonasi ya kama dola 40, mwenzio akivuta na wewe umeikosa. Watu 201, baada ya miezi sita walioacha kama asilimia 44 kwa 19. Jaribio dogo hilo, silichukulii kama msahafu, lakini mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikoba anajua ile aibu ya kumwangusha mwenzako inavyofanya kazi usiku.

"Basi wapewe hela nyingi zaidi"

Hapana. Geneva walitoa mpaka faranga 1,500 kwa watu wa kipato cha chini, wakapata asilimia 9.5 kwa 3.7 kwenye mwezi wa 18. Nzuri, ila siyo mara mbili ya waliotoa nusu yake, na Cochrane nao hawakuona kwamba dau likipanda na walioacha wanapanda. Kinachoonekana kufanya kazi ni hela kuja mapema na mara kwa mara wiki za mwanzo, pale arosto inapokuwa kali, siyo kumwambia mtu subiri zawadi kubwa Desemba.

"Hela inatosha, dawa za nini"

Arosto haijui noti. Ubongo uliozoea nikotini miaka 20 ukiikosa unakuletea hasira, usingizi unakimbia, huwezi kutulia kazini. Plasta, bablishi za nikotini au vidonge kama vareniklini vinapunguza hicho, hela inakupa sababu ya kuvumilia kinachobaki. Kwa mwenye mimba au magonjwa mengine aanze kwa daktari siyo duka la dawa. Na hata hivyo mtu asiyetaka hutamvuta: 2018 waliwaingiza wafanyakazi 6,006 wa makampuni 54 bila kusubiri wajiandikishe wenyewe, dola 600 kwa anayeacha, na fungu la zawadi likapata asilimia 2 tu. Ila wale wachache waliofungua hata ule ukurasa wa mradi wakaangalia kuna nini, zawadi iliwafikisha asilimia 9.5. Wale wengine hata hawakufungua.

Mjomba nilimsimulia yote haya juzi, ya Ufilipino, ya Thailand, ya dada yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, hizo 800 za bure zinatolewa wapi.