Mguu wa kushoto wa Siniša Mihajlović

Nikianza somo la kupiga faulo, washambuliaji hukimbilia mpira na mabeki hubaki nyuma, kana kwamba kazi hiyo haiwahusu. Basi nawaita mabeki mbele, nawasimulia habari za Siniša Mihajlović: beki wa kati aliyefunga mabao 28 ya faulo za moja kwa moja katika Serie A, ligi kuu ya Italia. Hakuna aliyempita.

Alizaliwa Vukovar mwaka 1969, baba Mserbia, mama Mkroatia. Ubeki wa kati ulikuja baadaye. Red Star Belgrade, klabu ya Yugoslavia ya wakati huo, ilimtumia upande wa kushoto, akipanda na kushuka. Nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ya 1991, mechi ya marudiano pale Belgrade, nimeitazama mara nyingi mno. Alitangulia kufunga kwa faulo, Bayern Munich wakarudisha na kuongoza 2-1. Dakika ya 90 akamimina krosi kutoka kushoto. Mpira ukamgonga Klaus Augenthaler, ukapaa, kipa Raimond Aumann akaugusa bila kuudhibiti, ukatumbukia wavuni. Red Star wakaingia fainali, wakaenda Bari, Italia, na kuishinda Marseille kwa penalti, mojawapo ikiwa yake.

Akiwa Sampdoria ya Italia, kocha Sven-Göran Eriksson ndiye aliyemhamishia katikati ya ulinzi. Mbio zake hazikuwa za kutisha, lakini pasi zake ndefu zilianza mashambulizi, na kila faulo karibu na boksi ilimngoja yeye.

Sasa tuje kwenye pigo lenyewe. Mpira ukipigwa kwa upande wa ndani wa mguu wa kushoto hujizungusha, na hewa huupindisha kuelekea kulia kwa mpigaji. Hilo wengi wanaliweza. Taabu ni kwamba wakitaka mpira upinde, hupunguza nguvu, na kipa hupata muda wa kupiga hatua mbili kabla ya kuruka. Mihajlović aliupinda mpira na bado ukaenda kwa kasi. Ndiyo maana nawasisitizia vijana: mguu wa kuegemea ukae imara kando ya mpira, na mguu unaopiga usisimame ukishaugusa, upite hadi mwisho.

Tarehe 13 Desemba 1998, akiwa Lazio, klabu ya Roma, aliifunga Sampdoria, timu aliyotoka kuihama, mabao matatu. Yote ya faulo. Lazio ilishinda 5-2, na mwaka 2000 ikatwaa ubingwa wa Italia naye akiwemo.

Hakuwa malaika. Mwaka 2003 alimtemea mate Adrian Mutu, mchezaji wa Chelsea, na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikamfungia mechi 8, na ilistahili.

Julai 2019, akiwa kocha wa Bologna, alitangaza kwamba ana saratani ya damu. Agosti 25, mechi ya kwanza ya ligi pale Verona, alitoka hospitali akaja kukaa kwenye benchi, amekonda, kofia kichwani. Alifariki Roma, Desemba 2022, akiwa na miaka 53.