Sosi Nzito ya Saladi: Tumia Mtindi, Yai Bichi Liache

Katika mafunzo ya usalama wa chakula tunayowapa mama lishe na vikundi vya akina mama, kuna swali halikosekani: mayonesi ya dukani ni ghali, je, mtu anaweza kujitengenezea sosi ya saladi iliyo nzito na laini jikoni kwake? Anaweza, tena kwa vitu ambavyo vingi anavyo tayari. Ila ile njia inayosambazwa sana kwenye simu, ya kutia yai bichi na mafuta kwenye blenda, mimi siishauri kwa chakula cha familia, sembuse cha biashara.

Mafuta na maji havikai pamoja. Ukivikoroga, muda si mrefu mafuta yanapanda juu. Kiini cha yai kina lesithini, ambayo upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji, kwa hiyo matone madogo ya mafuta hubaki yametawanyika ndani ya siki au ndimu bila kuungana tena. Ndipo unapopatikana ule uzito. Kiini kimoja kinabeba mililita 150 hadi 200 za mafuta bila shida, mradi uyamimine tone kwa tone mwanzoni. Ukiyamwaga kwa pupa, sosi inakatika.

Taabu iko kwenye ubichi wa yai. Bakteria wa salmonela huweza kuwa juu ya ganda kwa sababu ya kinyesi cha kuku, na huweza pia kuwa ndani kabisa, kwa kuwa kuku mwenye maambukizi huyapitisha kwenye yai kabla ganda halijaumbika. Yai la namna hiyo ukilitazama ni zima, halina harufu wala ufa. Kuliosha hakusaidii kwa kilichomo ndani, na kulitia kwenye maji uone kama linaelea kunakuonyesha ukongwe wake tu. Blenda nayo haiui bakteria.

Wapo wanaojibu kwamba siki inatosha. Wana hoja, lakini nusu yake. Mayonesi ikiwa na pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikishuka uchachu unazidi) ya 4.1 kushuka chini, salmonela hawazaliani, na taratibu hufa. Viwandani hilo hupimwa kwa kifaa, na viwanda vingi hutumia mayai yaliyokwisha kupashwa joto. Nyumbani tunapima kwa ulimi: sosi ikionekana kali, siki inapunguzwa. Anayeambukizwa huanza kuharisha, kuumwa tumbo na kupata homa, mara nyingi kati ya saa 6 na siku 3 baada ya kula. Mtu mzima mwenye afya hupona. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu anaweza kuzidiwa.

Basi tufanye hivi. Chukua nusu lita ya mtindi mzito usio na sukari. Kama unagandisha mwenyewe, maziwa yachemshwe kwanza, kwa sababu ugonjwa wa bruselosi huambukizwa pia kwa maziwa mabichi, na kuchachuka peke yake si kinga. Tandika kitambaa safi cha pamba kwenye chujio, weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, funika na uingize kwenye friji kwa saa 4 au usiku kucha. Maji ya kijanikijani yatachuruzika chini. Usiyamwage, yanafaa kukandia chapati. Juu utabaki na kama kikombe kimoja cha mtindi mzito kiasi cha kusimamisha kijiko.

Chemsha yai moja kwa dakika 10 hadi 12. Toa kiini, kiponde kwa uma pamoja na kijiko cha chai cha haradali na robo kijiko cha chai cha chumvi mpaka kisibaki hata donge moja. Usiharakishe hapa, maana donge ulilolipita sasa utalikuta mdomoni. Dondoshea vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti huku unakoroga, kisha changanya mtindi, siki kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga, na punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa. Ikiwa nzito mno, ilegeze kwa yale maji ya mtindi. Iache nusu saa kwenye friji viungo vikolee. Ute mweupe ukate vipande, utie kwenye saladi.

Mafuta hayo usiyaondoe yote kwa kuogopa unene. Beta karotini ya kwenye karoti na mboga za majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo. Hata hivyo, kijiko cha sosi hii kina chini ya nusu ya kalori za kijiko cha mayonesi ya kawaida.

Kitunguu saumu kipondwe siku ileile. Kukitumbukiza kwenye chupa ya mafuta na kuiacha kabatini ni hatari, kwa kuwa ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, hupenda mahali pa namna hiyo. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye baridi.

Sosi ikae kwenye friji, ndani ya chupa iliyooshwa kwa maji ya moto, na iliwe ndani ya siku 3. Nje ya friji isizidi saa 2, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mchana, saa 1. Ile chupa ya kubana inayoshinda mezani tangu asubuhi pale kwenye chipsi, mimi huipita. Muuzaji agawe kwenye vichupa vidogo, atoe kimoja kimoja kutoka kwenye barafu.

Kabichi na tango vikitiwa chumvi hutoa maji na kuifanya sosi kuwa chapwa, kwa hiyo changanya dakika ya mwisho.

Asiye na mtindi asage parachichi lililoiva kwa ndimu, aile siku hiyohiyo. Tui la nazi ni tamu lakini halina uchachu wa kulilinda, huharibika upesi. Wanaotumia karanga za kusaga wachambue kabla ya kukaanga, watoe zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, kwa kuwa joto la kikaango haliondoi sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu.